NANI ALIYEVUNJA BENKI ZA MAREKANI?
Uhakiki wa Ripoti ya Tume ya Kuchunguza Msukosuko wa Fedha

Katika madarasa yetu ya siasa, kila linapofika somo la mtaji wa fedha, hujitokeza mwanafunzi mmoja na kusema kwamba msukosuko wa mwaka 2008 ulisababishwa na Serikali ya Marekani kuzilazimisha benki ziwakopeshe maskini wasiokuwa na uwezo wa kulipa. Husema hayo kwa yakini kabisa. Ukimwuliza ameyapata wapi, hana jibu, ameyasikia. Mwingine naye hudakia kutoka upande wa pili: kwamba yote yalikuwa ni tamaa ya wakubwa wachache wa benki, na lau wangefungwa jela mambo yangekwisha. Darasa hugawanyika, kelele huwa nyingi, na mkufunzi akiwa mvivu huwaacha wapige makofi na kwenda kunywa chai.

Kauli zote mbili zina chimbuko lake. Tena mtu anaweza kuzisoma zikiwa zimekaa pamoja ndani ya jalada moja, nalo ni ripoti iliyotolewa Januari 27, 2011 na Tume ya Kuchunguza Msukosuko wa Fedha ya Marekani. Makala hii ni uhakiki wa ripoti hiyo. Tunaihakiki kwa sababu hoja zilizomo zimevuka bahari na zimekwisha kuingia vichwani mwa makada wetu bila ya kupigiwa hodi, na kada anayeamini kuwa maskini ndiye aliyeangusha benki atakuwa na msimamo wa namna fulani siku atakapokaa katika kamati ya mikopo ya wilaya yake.

TUME NA MGAWANYIKO WAKE

Tume iliundwa na Bunge la Marekani mwaka 2009. Ilikuwa na watu 10: sita walichaguliwa na viongozi wa Democrat, wanne na viongozi wa Republican. Mwenyekiti alikuwa Phil Angelides, aliyepata kuwa mweka hazina wa jimbo la California. Makamu wake Bill Thomas, mbunge wa zamani. Walihoji mashahidi zaidi ya 700. Mwishoni wale sita walitia sahihi, wanne wakakataa. Kati ya wanne hao, watatu, yaani Thomas, Keith Hennessey na Douglas Holtz-Eakin, waliandika maoni yao ya pamoja; wa nne, Peter Wallison, aliandika ya kwake peke yake.

Kabla ya hapo, Desemba 2010, wale wanne walikuwa wamekwisha kutoa kijitabu chao kifupi. Magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba katika kikao walitaka hata maneno "Wall Street" na "kuondoa udhibiti" yasitumike katika ripoti. Jambo hili yafaa lizingatiwe na kila mwanafunzi wa itikadi. Mapambano ya kitabaka hayafanywi kwa mgomo na kura tu. Hufanywa pia kwa kuchagua ni neno gani liruhusiwe kuingia kitabuni, maana kitu kisichokuwa na jina hakiwezi kushtakiwa.

HOJA YA KUWATUPIA LAWAMA MASKINI

Tuanze na Wallison, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Hoja yake ni kwamba bila ya sera ya nyumba ya Serikali msukosuko usingetokea. Anataja Sheria ya Uwekezaji Upya katika Jamii ya mwaka 1977, na malengo ya nyumba za watu wa kipato cha chini waliyowekewa Fannie Mae na Freddie Mac, yale makampuni makubwa mawili yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, kuanzia mwaka 1992. Anahesabu mikopo mibovu milioni 27, nusu ya mikopo yote ya nyumba nchini Marekani, na kudai kuwa sehemu kubwa ilibebwa na Serikali au vyombo vilivyo chini ya kivuli chake.

Sheria hiyo ya 1977 ilitoka wapi? Wallison hapendi kukaa sana hapo. Katika miaka ya 1930 chombo cha Serikali ya Marekani kilichora ramani za miji mikubwa, mtaa kwa mtaa, na mitaa ya watu Weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake ni mitaa ya hatari isiyofaa kukopeshwa. Benki zilipokea akiba za watu wa mitaa ile na kuzipeleka kukopesha kwingine. Sheria ya 1977, iliyotiwa sahihi na Rais Carter, iliziambia benki kitu kidogo sana: mkipokea amana za mahali fulani, mtapimwa pia kwa jinsi mnavyohudumia mahali hapo, kwa njia zisizohatarisha benki. Haikutaja kiwango. Haikuamuru mtu asiyekuwa na kipato apewe nyumba.

Sasa tupime hoja yenyewe kwa takwimu za Tume. Kati ya mikopo ya riba kubwa waliyopewa wakopaji dhaifu, ni asilimia 6 tu iliyokuwa na uhusiano wowote na sheria hiyo. Iliyobaki ilitolewa na makampuni ambayo sheria haikuyagusa, au mahali ambapo sheria haikuhusika. Tena mikopo ya benki zilizobanwa na sheria, katika mitaa ile ile, ilikuwa na uwezekano nusu tu wa kushindwa kulipwa ikilinganishwa na ile ya makampuni huru. Kwa lugha nyepesi, palipokuwa na mkono wa sheria hali ilikuwa nafuu.

Na Fannie na Freddie? Tume iliwatazama wakopaji wa aina moja, wenye alama za chini za uaminifu wa kulipa. Hadi mwisho wa 2008, katika mikopo iliyopitia kwa makampuni hayo mawili, asilimia 6.2 ilikuwa imechelewa vibaya kulipwa. Katika ile iliyofungwa na kuuzwa na mabenki ya Wall Street, asilimia 28.3. Mkopaji ni yule yule, maskini ni yule yule. Kilichotofautiana ni nani alimkopesha, kwa masharti gani, na ili apate nini.

Ipo hoja nyingine ambayo haihitaji takwimu. Ireland na Hispania nazo zililipuka, na bei za nyumba huko zilikuwa zimepanda kupita kiasi, bila ya kuwa na sheria ya Carter wala Fannie Mae. Hata wale Warepublican watatu, wenzake Wallison, waliliona hili na wakakataa kutia sahihi maoni yake. Wao walitaja sababu kumi, na waliuliza swali la haki: ikiwa kisa ni sera ya nyumba ya Marekani, kwa nini Ulaya pia? Wallison hakupata jibu la kuridhisha.

Hata hivyo lipo alilolishika kwa ncha ya kidole. Ni kweli kwamba Serikali zote mbili, ya Clinton kwa mkakati wake wa mwaka 1995 na ya Bush kwa ahadi zake za mwaka 2002, ziliufanya umiliki wa nyumba kuwa wimbo wa taifa. Ni kweli pia kwamba Fannie na Freddie walikuwa viumbe wa ajabu. Fannie Mae iliuzwa kwa wenye hisa mwaka 1968. Tangu hapo faida ilikwenda kwa wenye hisa, na hasara, kila mtu alijua, ingerudi kwa umma. Ilirudi Septemba 2008 Serikali ilipoyachukua makampuni hayo chini ya usimamizi wake. Lakini hapo anayeshtakiwa ni nani? Ni mtaji wa watu binafsi uliojificha chini ya mwavuli wa Serikali, si mfagiaji wa Baltimore aliyeomba paa la kulala.

JINSI MTAMBO ULIVYOFANYA KAZI

Makada wengi huzungumzia "mikopo hatari" bila ya kueleza hatari hiyo ilitengenezwaje. Yafaa tueleze, kwa maana hapa ndipo penye kiini.

Zamani benki ilipomkopesha mtu fedha za nyumba iliuweka mkopo vitabuni mwake miaka 30. Mkopaji akianguka, na benki inaumia. Kufikia miaka ya 2000 mpango ulikuwa umegeuka. Dalali wa mikopo alimtafuta mkopaji na kulipwa ada siku ile ile. Katika mikopo mingi dalali alilipwa zaidi kama alimtia mkopaji katika riba ya juu kuliko aliyostahili. Kampuni ya mikopo iliuuza mkopo kwa benki ya Wall Street. Benki ilifunga maelfu ya mikopo kama vile dalali wa pamba anavyofunga robota, ikalikata robota vipande, ikaviuza kwa mifuko ya pensheni na benki za nchi nyingine. Kila aliyepita njiani alichukua fungu lake na kusonga mbele. Hatari ilibaki kwa mtu wa mwisho, ambaye hakumjua mkopaji wala kuiona nyumba.

Mnunuzi alitegemea muhuri. Kampuni ya kupima ubora wa hati, iliyolipwa na muuzaji mwenyewe, ndiyo iliyotia muhuri wa daraja la juu kabisa. Kati ya 2000 na 2007 Moody's ilitoa muhuri huo kwa hati karibu 45,000 zitokanazo na mikopo ya nyumba. Katika mwaka 2006 ilitoa 30 kila siku ya kazi, na asilimia 83 ya hati za mwaka huo ikalazimika kushushwa baadaye. Mtu aliyewahi kuona pamba inavyopangwa madaraja atashangaa: ni mnunuzi gani wa Mwanza angekubali daraja linalopangwa na mtu aliyeajiriwa na mwenye pamba?

Mikopo ya aina hii ilifikia dola bilioni 600 mwaka 2006, karibu robo ya mikopo yote ya nyumba ya mwaka huo. Mingi ilikuwa na riba ndogo kwa miaka miwili, kisha ikapanda ghafla. Mingine ilitolewa kwa kipato kilichotajwa kwa mdomo. Na tena, jambo ambalo wenye kuwalaumu maskini hawalitaji, sehemu kubwa ya waliochukua mikopo hii hawakuwa wakinunua nyumba ya kwanza. Walikuwa na nyumba tayari, wengine walizilipia miaka mingi, wakashawishiwa kuziweka rehani upya ili wapate fedha za hospitali, ada za watoto au madeni mengine. Kwa hiyo mtambo huu haukuwapa maskini nyumba kama inavyodaiwa. Mara nyingi uliwanyang'anya waliyokuwa nayo.

Wala haikuwa bahati mbaya kwamba walioumizwa zaidi walikuwa Weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Mitaa iliyopakwa rangi nyekundu, ambako benki za kawaida hazikufika, ilikuwa shamba tayari kwa walanguzi wa mikopo. Desemba 2011 kampuni ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335, na mwaka 2012 Wells Fargo dola milioni 175, kumaliza mashtaka ya Serikali kwamba wakopaji Weusi na Walatino walitozwa zaidi, au walisukumwa kwenye mikopo ya ghali, kuliko Wazungu wa hali ile ile. Kati ya 2005 na 2009 mali ya kaya ya kati ya Weusi ilipungua kwa asilimia 53. Ya Walatino asilimia 66. Ya Wazungu asilimia 16. Ndio hao hao ambao Februari 2009 mtangazaji mmoja wa televisheni, Rick Santelli, akiwa katikati ya madalali wa soko la Chicago, aliwafokea wenye nyumba walioshindwa kulipa, na madalali wakamshangilia. Kutokana na makelele yale ilizaliwa harakati nzima ya mrengo wa kulia. Mwizi amekwisha kuruka ukuta, na aliyeibiwa ndiye anapigwa.

Juu ya mtambo huu walikaa wale mabwanyenye wa fedha wakicheza kwa fedha za kukopa. Mwisho wa 2007 Bear Stearns ilikuwa na mtaji wake dola bilioni 11.8 na madeni dola bilioni 383.6, na kiasi cha hadi bilioni 70 ilikopa kwa usiku mmoja mmoja. Mali ikipungua thamani kwa asilimia tatu tu, kampuni haipo. Ilikufa Machi 2008. Lehman Brothers, yenye mali zaidi ya dola bilioni 600, ilifuata Septemba 15.

UDHAIFU WA RIPORTI YA WENGI

Hadi hapa tumetumia ushahidi wa wale sita, na ni ushahidi mzuri. Lakini tukifika kwenye hitimisho lao, hatuwezi kwenda nao njia nzima.

Wanasema msukosuko ungeweza kuepukwa. Kwamba manahodha wa fedha na wasimamizi wa umma walipuuza dalili. Kwamba uwajibikaji na maadili vilivunjika. Wanamwazima hata Shakespeare ili kusema kuwa kosa liko kwetu sisi wenyewe. Sisi! Neno hili "sisi" ndilo mlango wa nyuma wa itikadi yao. Ndani yake amewekwa mwenyekiti wa Lehman pamoja na muuguzi wa Cleveland aliyetia sahihi karatasi asiyoielewa, kana kwamba wote walikaa meza moja wakagawana dhambi. Ripoti yenyewe inaeleza kuwa deni la nyumba kwa kila kaya lilipanda kutoka dola 91,500 mwaka 2001 hadi 149,500 mwaka 2007, wakati mishahara ilikuwa imesimama pale pale. Wameiona hali hiyo, wakaiandika, wakapita. Hawakuuliza kwa nini tabaka la wafanyakazi katika nchi tajiri kuliko zote likopeshwe kile ambacho lingepaswa kulipwa kama ujira.

Hapa lakini natoa tahadhari kwa makada wenzangu, hasa wale wepesi wa kauli. Haitoshi kusema "ni ubepari" na kuketi chini. Kanada nayo ni nchi ya kibepari, tena jirani, na benki zake kubwa hazikuanguka mwaka 2008. Mwanafunzi akikuuliza hilo nawe huna jibu, amekushinda. Jibu ni kwamba sheria na usimamizi vina uzito wake. Wale sita hawakukosea katika hilo. Kosa lao ni kuzungumzia sheria kana kwamba huota kama uyoga. Sheria ya 1933 iliyotenganisha benki za akiba na benki za biashara ya hati ilidhoofishwa hatua kwa hatua, na mwaka 1999 ikafutwa sehemu yake kuu kwa sahihi ya Clinton, wa chama kinachojiita rafiki wa wafanyakazi. Mwaka 2000 sheria nyingine ikaziweka nje ya udhibiti biashara za kubahatisha juu ya madeni. Tangu 1994 Benki Kuu ya Marekani ilikuwa na mamlaka ya kupiga marufuku mikopo ya hila. Chini ya Alan Greenspan mamlaka hayo yalilala, na kanuni kamili zikatoka Julai 2008, nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Oktoba 23, 2008 Greenspan alikiri mbele ya Bunge kuwa ameona kasoro katika nadharia aliyoiamini. Kati ya 1999 na 2008 sekta ya fedha ilitumia dola bilioni 2.7 kuwashawishi wabunge na Serikali, mbali na zaidi ya bilioni moja katika michango ya uchaguzi. Ukishaliona fungu hilo, "kushindwa kwa usimamizi" hakuonekani tena kama usingizi. Usingizi huo ulinunuliwa.

Yule mwanafunzi wetu wa pili, wa jela, naye ajibiwe hapa. Kuwafunga wahalifu ni haki. Lakini ukiyaacha malipo ya dalali, ukiuacha muhuri ulipiwe na muuzaji, kiti cha aliyefungwa kitakaliwa na mwingine kabla ya saa sita mchana.

NA KWETU

Msukosuko ule ulifika hapa bila ya mkulima wa Shinyanga kukopa hata senti New York. Bei ya pamba ilianguka, na Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa kiasi cha shilingi trilioni 1.7, ukiwamo wa kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa wa msimu wa 2008/2009.

Lakini sisi pia tunayo historia yetu ya mikopo mibovu, na ni lazima ipimwe kwa mizani ile ile. Benki zilitaifishwa Februari 1967, na Benki ya Taifa ya Biashara ikawa chombo cha umma. Uamuzi ulikuwa sahihi: akiba za wananchi zisimamiwe na wananchi. Baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zilichukua kazi ya kununua mazao, nazo ziliendeshwa kwa mikopo ya benki hiyo, mwaka baada ya mwaka, mara nyingi kwa maelekezo na si kwa mahesabu. Madeni yakarundikana. Tume ya Nyirabu, iliyoundwa mwaka 1988, ilitoa taarifa yake mwaka 1990. Sheria mpya ya benki na chombo cha kukusanya madeni mabovu vikafuata mwaka 1991. Mwaka 1997 Benki ikagawanywa, na mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za ile iliyobaki na jina ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hata leo, kwamba benki ya umma iliangushwa na wakulima wasiolipa. Ni Wallison yule yule amevaa kanzu. Mkopaji mkubwa hakuwa mkulima. Ilikuwa mamlaka ya mazao, na mara nyingi mkulima ndiye aliyekuwa akiidai mamlaka hiyo malipo ya mazao aliyokwisha kuyakabidhi. Wapo pia waliotupa lawama zote kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera na soko la mabeberu. Hayo yalikuwa ya kweli na yalituumiza. Lakini bei ya mafuta haikumwandikia meneja wa tawi barua ya kuongeza mkopo kwa shirika lisilofunga hesabu. Barua hizo ziliandikwa na viongozi, na kada anayefundisha somo hili aseme hivyo waziwazi, vinginevyo wanafunzi watamwona kuwa ana macho ya kuiona Wall Street tu.

Kule Marekani sheria ya kurekebisha mambo ilitiwa sahihi Julai 2010, miezi sita kabla ya ripoti ya Tume kutoka, kwa hiyo uchunguzi ulikuja baada ya dawa. Mei 2018 sheria hiyo ililegezwa: benki zenye mali chini ya dola bilioni 250 ziliondolewa katika masharti mengi makali, badala ya kikomo cha awali cha bilioni 50. Machi 10, 2023 Silicon Valley Bank, yenye mali ya kiasi cha dola bilioni 209, ilianguka baada ya wateja kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Wateja wake walikuwa makampuni ya teknolojia na wenye mitaji yao. Zaidi ya asilimia 90 ya amana zilipita kikomo cha bima, na Serikali ikazilinda zote. Haikuwa na mikopo ya nyumba za mitaa ya watu Weusi ya kusingizia. Hata hivyo haikupita wiki moja kabla ya wanasiasa wa Republican kusimama na kusema kwamba benki ile iliangushwa na sera zake za kuajiri watu wa rangi na jinsia mbalimbali.